Tyubu ya Shemeji

Laiti ningesema hapana siku ile shemeji aliponiita nikamfungulie duka. Kaka huyo wa mke wangu alikuwa ameacha kuuza mitumba na kufungua duka la dawa Buswelu, wakati ule kila mtu alipokuwa akifungua kitu. Alitaka mnunuzi wa kwanza awe ndugu, ili biashara ianze kwa mkono mzuri, na mnunuzi wa kwanza hatoki mikono mitupu. Nikaenda, naye akanitazama usoni.

"Shemeji, macho gani hayo? Umetoka msibani au umeibiwa kuku?"

"Moshi huo."

Nilikuwa nakaanga mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki viwandani, kando ya ziwa kule Ilemela. Kope zangu zilivimba, zikawa nyekundu zenye magamba, na asubuhi nilizikuta zimegandana kwa tongotongo.

"Paka hii," akasema, akinipa tyubu ya dawa ya macho. "Siku mbili tu, utamwona mbu aliyeko Busisi, ng'ambo ya ziwa."

Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshanieleza la kufanya: nifumbe macho, nikande kope kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, kisha nifute taratibu kwenye mashina ya nywele za kope, kila jicho na kitambaa chake. Nisifikiche, nisichangie taulo, na nisiache hata nikipata nafuu, maana ugonjwa huu hurudi. Mke wangu alinitengea maji kila asubuhi, nami nikalalamika kwamba naogeshwa kama kichanga.

Tyubu ilifanya kazi kweli. Kope ya kulia, iliyokuwa mbaya zaidi, ilitulia siku ya pili. Nikaachana na vitambaa.

"Baba watoto, dawa hii nani kakuandikia?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu juzi alikuwa anauza suruali!"

Tukacheka, nikaendelea kupaka. Kila wekundu uliporudi nilipaka. Tyubu ikiisha, nilifuata nyingine. Ukapita zaidi ya mwaka.

Siku moja nikamimina mafuta nje ya karai, maana upande wa kulia sikuuona, nikaenda hospitali. Daktari wa macho aliitazama tyubu kabla ya kunitazama mimi. Akasema ni dawa kali, haipakwi muda mrefu bila presha ya jicho kupimwa. Yangu ilikuwa imepanda kimya kimya, ikaharibu neva ya kuonea.

Shemeji hakujua. Mimi nilikuwa nimeambiwa nisiache vitambaa. Sasa nakanda kope kila asubuhi, maji natenga mwenyewe. Jicho la kulia limepofuka, na mke wangu akikaa upande huo simwoni.