Kura ya Alfajiri kutoka Maskati

Nilipostaafu utumishi wa serikali nilifungua blogu. Nilihudhuria vikao vya bunge la kaunti, nikarudi nyumbani Muyeye na kuandika ni ahadi gani imetolewa na ni nani aliyeitoa, bila kutia chumvi. Wasomaji hawakuwa wengi. Ndiyo maana nilistaajabu mwaka jana blogu hiyo ilipoingizwa katika tuzo za uandishi wa siasa za Pwani, ambazo mshindi wake huchaguliwa na wasomaji mtandaoni.

Utaratibu wenyewe ulinikera. Mtu mmoja aliruhusiwa kupiga kura kila siku kwa wiki mbili! Hiyo si kura, ni kelele. Hata hivyo, kila nilipomaliza sala ya alfajiri niliufungua ukurasa ule, kwani ulionyesha kura imetoka mji gani. Malindi, Kilifi, Mombasa. Na kila alfajiri, moja kutoka Maskati.

Sina mtu Maskati ila binti yangu.

Aliondoka miaka sita iliyopita. Mimi nilikuwa katibu wa jopo la ajira, naye aliomba ukarani katika ofisi yetu. Alama zake zilikuwa nzuri. Nililikata jina lake kwa mkono wangu, isije ikasemwa nimemwingiza mwanangu, wala sikumwambia. Aliisoma orodha ubaoni, kati ya watu. Tangu asafiri, salamu zake zilinifikia kupitia kwa mama yake. Tulipomzika mama yake, nazo zikakatika.

Wiki ya pili ya kura, majirani walianza kunipongeza barazani, wakijisifu jinsi kila mmoja alivyonipigia kura siku zote bila kukosa. Sikuweza kustahimili. Nilimpigia simu msimamizi wa tuzo, mama mmoja wa Junju.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Naomba kura zangu za marudio ziondolewe. Kila mtu abakishiwe moja.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Wenzako wanipigia niwaongezee, wewe wataka upunguziwe? Baba, hii siasa umeijulia wapi?”

“Ondoa, mwanangu.”

“Haya. Na huyu wa Maskati? Huyu hajakosa hata siku moja. Naye nimkate?”

Aliniita mara mbili akidhani simu imekatika.

“Naye pia,” nikasema.

Aliweka ilani kwamba marudio yameondolewa kwa ombi la mwenye blogu. Nikashuka hadi mkiani. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni alfajiri iliyofuata: Malindi, Kilifi, Mombasa, basi. Na iliyofuata tena.

Siku ya tatu, chini ya taarifa yangu kuhusu barabara ya Bofa, nilikuta maoni yasiyo na jina: “Hata huku umenikata, baba.”

Nilianza kumweleza kanuni. Niliandika aya mbili zilizonyooka, nikazisoma, nikazifuta. Mimi ambaye sikuwahi kuchanganya mambo ya nyumba na mambo ya umma, nilimjibu pale pale, mbele ya wasomaji wote, kwamba nilikosea ile mara ya kwanza na hii ya pili, na kwamba chumba chake sijakipangisha.

Hajajibu. Waheshimiwa wawili wamelalamika kwamba maneno yale hayahusiani na barabara. Ni kweli, hayahusiani. Sitayaondoa.