Blanketi Tulilolishusha Luberizi

Kiangazi cha Bukavu kwangu kina harufu ya naftalini, ile dawa ya nondo ya sandukuni. Asubuhi ile baridi ilikuwa imekaza, vumbi limeshika majani ya mikaratusi juu ya mtaa wetu wa Kadutu, na papa alifungua sanduku akatoa blanketi la wageni, ambalo maman hakutaka tuliguse. Maman alikuwa ameshuka Luberizi, kule tambarare, kununua mchele wa kuuza, kama kawaida yake. Homa ilimkamata huko, akafa. Dereva wa lori ndiye aliyetuletea habari. Papa alisema tutamfunika kwa blanketi hilo tukimpandisha nyumbani, asipigwe na baridi njiani. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa shule ya msingi, na nilitaka jambo moja tu: kumwona uso.

Hatukuondoka siku ile. Kwetu mume haendi kuchukua maiti ya mke wake peke yake. Ndugu wa mke wasipokuwepo, watasema kuna jambo amelificha. Basi tulimngoja tonton, kaka yake maman, atoke Walungu. Huku milimani, baridi ya kiangazi huwapa ndugu muda wa kufika kabla ya mazishi, na hakuna aliyewaza kwamba kwingine huenda mambo si hivyo. Tonton alifika kesho yake, viatu mkononi, miguu myeupe kwa vumbi.

“Shemeki, nimechelewa?”

“Hapana,” papa alisema. “Anatungoja.”

Tulipanda lori lililobeba kreti tupu za bia. Niliketi kati yao, blanketi magotini. Barabara iliteremka kwa kona kali, na kila kona ilituvua baridi kidogo. Tonton alivua koti. Papa alifungua vifungo vya koti lake rasmi la abakosi hadi kifuani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele za watu. Kisha milima ikaisha. Tambarare yote ilikuwa kavu, nyasi za rangi ya majivu, miti ya miiba, na upepo uliochoma macho. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimcheka papa.

“Citoyen, blanketi na hii joto? Unaenda kufunika nani?”

“Mama ya huyu mutoto.”

Askari alinitazama, akainua mti wa kizuizi.

Luberizi tulikuta udongo wa kaburi umeshaanza kupasuka kwa jua.

“Tuliwangoja, papa,” alisema mama mwenye nyumba alimofia maman. “Tulingoja mpaka ikashindikana. Huku, na hii joto, mufu halale.”

Tonton aliketi chini palepale. Papa alitandaza blanketi juu ya kaburi, akalinyoosha pembe zote, polepole, kama mtu anayetandika kitanda.

“Muikunje, papa,” yule mama alisema kwa upole. “Mukiiacha wataiiba.”

Akalikunja. Tukapanda nalo Bukavu, na baridi iliporudi kwenye kona za juu, walinifunika mimi.

Leo simu ingetuambia mapema, na nadhani tungeshuka siku ileile. Hilo halinifariji. Yule mama ndiye aliyemwosha maman, na siku ile hakuna kati yetu aliyemuuliza chochote. Nilipokuwa mtu mzima nilishuka kumtafuta, nikaambiwa alikufa zamani. Papa na tonton nao hawapo. Hakuna aliyebaki wa kuniambia kama maman alikufa amefumba macho.