Mistari Mitano ya Majivu

Shule yetu ya Riruta ilikuwa na piano moja, na kila likizo mwalimu aliifunga kwa ufunguo. Mwaka ule alitangaza kwamba shule ikifunguliwa angemkalisha mwanafunzi mmoja pale awe anapiga wimbo wa asubuhi. Sharti lilikuwa kusoma noti za wimbo asioujua. Dada yangu alikitaka kiti hicho kuliko kitu kingine chochote.

Likizo hiyo alitufundisha mjomba, aliyewahi kupiga klarineti katika bendi ya jeshi. Uani kwetu Kibra alichora mistari mitano mirefu kwa majivu, kisha akapanga magunzi ya mahindi juu yake yawe noti: gunzi tupu pigo moja, gunzi lenye maganda mapigo mawili. Sisi tulitaja majina ya noti na kupiga makofi. Vidole tulivizoeza kwenye ubao uliochorwa kwa makaa mfano wa piano.

Sisi wengine tulikaa na mjomba upande wa lango. Dada alikaa ng'ambo ya mistari, mlangoni mwa jiko, kwa sababu ndiye aliyepika gurusa za mchana, na mikate hiyo myembamba huungua upesi. Kutoka pale mstari wa chini aliuona juu, na wimbo ulianzia kuliani kwake. Hilo la kulia halikumshangaza, maana chuoni tulisoma Kurani vivyo hivyo. Magunzi yalikuwa yaleyale, kwa hiyo majibu yake yalikuwa sahihi, tena ya haraka kuliko yetu. Hakuna aliyegundua, hata mjomba.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliweka karatasi juu ya piano. Dada aliitazama kwa muda.

"Anza basi, binti."

"Mwalimu, huu umeandikwa vibaya."

Darasa likacheka. Mwalimu alikuwa tayari anamwita mwingine dada alipoichukua karatasi, akaigeuza juu chini na kuanza kupiga.

"Popo huyo!" mvulana mmoja akapaza sauti. "Mpeni dari aning'inie!"

"Funga mdomo, wewe," mwalimu akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya dada, shingo kaipinda, akifuata noti. Wimbo ulikwenda hadi mwisho bila kosa.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mjomba. Lakini yeye alikaa upande ule mwingine."

Mwalimu aliiweka karatasi sawa, akamwambia arudie. Dada alikwama mwanzoni kabisa. Waliomfuata walisoma karatasi ikiwa sawa, wakipapasa noti moja moja, na hakuna aliyefika mwisho.

"Wanaoimba hawaoni karatasi," mwalimu akamwambia dada hatimaye, akimwonyesha kiti cha piano. "Keti. Lakini kufikia Pasaka nataka usome kama watu."

Kesho yake tuliimba wimbo wa asubuhi, kitabu kikiwa kichwa chini juu ya piano. Kabla ya Pasaka dada alikuwa anasoma pande zote mbili, na hakuna aliyekiomba tena kile kiti.