Mstari wa Mlola

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo simu haikulia. Mama yangu alikuwa na desturi: akitoka ibadani kule Mlola, anapitia dukani kwenye simu ya kulipia, ananipigia Lushoto, tunaongea mpaka pesa imwishie. Siku ile nilikaa karibu na simu tangu asubuhi hadi giza likaingia. Jumapili iliyotangulia nayo ilipita kimya, nikajidanganya kwamba ni mvua.

Hizo zilikuwa enzi za soko huria, makampuni ya simu ndiyo yanaanza kupanda milima yetu. Mimi kijana nimeajiriwa na mojawapo, chini ya fundi mkuu Mama Hoza, mama mkali ambaye sweta halikumtoka mwilini. Ndiye aliyenifundisha kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo C. Ndani ya mtambo wetu wa kilimani kulikuwa na programu ndogo tuliyoiita wakala. Kazi yake kutunza jedwali: kila kituo cha simu na mstari wake, na kwenye mstari hali yake, kizima au kibovu. Ofisi ya Tanga iliuliza kwa mbali, mstari baada ya mstari, wakala akajibu. Nikwambie ukweli, kazi ile niliipenda. Hata leo natamani ile baridi ya karakana, na Mama Hoza akisoma programu yangu kwa sauti kama mtu anayesoma neno kanisani.

Jumatatu nikamweleza Mama Hoza. "Mama, Tanga wanasema kituo cha Mlola ni kizima. Naomba nikae niikague programu."

"Singano, Tanga wanajua nini? Wanajua tulichowaambia sisi," akasema. "Mama yako hajapiga, halafu wewe unataka kukaa na kompyuta? Chukua gari, nenda. Programu haina mama."

Nilinuna, lakini nikaenda. Ukiwa kijana, kufokewa mbele ya wenzako kunauma kuliko meno.

Mlola nikaikuta simu imekufa siku nyingi. Mwenye duka akaniambia mama anaumwa, ndugu wamejaribu kuniita wameshindwa. Nilifika nyumbani mbio, jikoni kumejaa wazee wameketi kwenye benchi karibu na moto. Mama alikuwa chumba cha ndani. Lakini unajua kwetu, mwanangu: humvuki mzee ukaingia ndani, hata kama moyo unakuchomoka. Nikaanza kutoa shikamoo, mmoja mmoja, nimeinamisha macho, mawazo yote yako chumbani. Nikamwamkia baba mdogo, naye akainuka kwenda kuleta kuni. Waliobaki wakasogea moto uwafikie. Mimi nikaendelea na nafasi iliyofuata.

"Na mimi je?" shangazi akauliza. "Au nimeshazikwa?"

Watu wakacheka. Shangazi alikuwa amesogea akaketi alipokuwa baba mdogo, mahali ambapo mimi nilishamaliza. Nikarudi nikamwamkia kwa heshima zote, na hapohapo nikaelewa kilichoipata Mlola. Katika jedwali letu, Mlola ilikuja baada ya kituo cha Bulwa. Betri ya Bulwa ilikuwa mbovu, na kila ilipoulizwa ilizimika. Wakala aliufuta mstari wake, Mlola ikapanda kuchukua nafasi ile, na Tanga ikaendelea na nafasi ya mbele. Bulwa ikiwaka tena ilirudishwa mahali pake, na mzunguko uliofuata yakawa yaleyale. Mlola haikuulizwa kamwe. Tanga ikabaki na habari ya zamani, kwamba ni kizima.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekonda, mikono yake imepoa.

"Nilikuwa nakuita, baba," akasema. "Ukawa huitiki."

"Sikusikia, mama."

"Si umekuja. Kaa."

Nikakaa. Tuliongea habari za maharage, za kwaya, za binti fulani aliyetaka nimwoe. Nilikuwa nimemshika mkono alipotutoka, kabla juma halijaisha.

Niliporudi kazini nikamweleza Mama Hoza kosa lilipo. Sehemu ile aliiandika yeye. Alivua miwani akaifuta kwa sweta lake. "Basi niliwaruka watu wa Mlola," akasema, na machozi yakamlengalenga. Tukaiandika upya pamoja: kila mstari ukapewa namba yake isiyohama, na kituo kikizimika hakifutwi, kinabaki na namba yake, kimeandikwa tu kwamba ni kibovu. Mafundi wakaitengeneza simu ya Mlola. Jedwali likasema kituo ni kizima, na safari hii lilisema kweli. Jumapili nikapiga. Akapokea mwenye duka. Tukasalimiana, nikaweka simu chini.

Mwanangu, ukitunza jedwali la watu, usimfute aliyenyamaza, na usimjue mtu kwa kiti alichokalia. Na ukiambiwa wote wazima, lakini kuna mmoja hujaisikia sauti yake, usibishane na mashine. Ondoka uende. Mimi nilifukuzwa nikaenda, na kwa sababu hiyo nina siku zile chache na mama yangu, ambazo nisingezipata popote. Namkumbuka kila wiki ya Mungu.

Mungu akupe mtu wa kukufukuza mapema, akufungulie njia, na akufikishe mkono wa umpendaye ukiwa bado una joto.