Vidonge Sita vya Mihayo

Wilhelmina Shigela alikuwa ameuza dawa Mabatini kwa miaka kumi na minne, na wengi walipita kwake kwanza kabla ya kwenda hospitali. Kwa hiyo Mihayo, mkimbiaji wa Buswelu, alipoingia dukani Ijumaa moja pumu imembana, hakumdai cheti cha daktari. Alihesabu vidonge sita vya predinisoloni, akavitia kwenye kibahasha, akaandika juu yake: viwili kila asubuhi, siku tatu. Jina la dawa hakuliandika.

Jumapili Mihayo alishika nafasi ya pili katika mbio za nusu marathoni, akachukuliwa mkojo kupimwa.

Wiki tano baadaye alirudi na barua kutoka kamati ya kuzuia dawa haramu michezoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshapona?”

Mihayo aliitandaza barua juu ya kaunta. “Mama, siku ile ulinipa nini?”

Wilhelmina aliisoma mara mbili. Mkojo wa Mihayo ulikuwa umekutwa na predinisoloni. Ni tiba kwa mgonjwa, lakini kwa mwanamichezo siku ya mashindano ni marufuku. Mihayo asipothibitisha ilivyomwingia mwilini, angeweza kufungiwa hata miaka miwili.

“Nimewaambia ni dawa ya kifua,” Mihayo alisema. “Wanataka ushahidi. Niandikie, mama. Nina siku saba tu.”

“Mbona hukuniambia una mashindano?”

“Hukuniuliza.”

Mwenye duka, Chetan, alikuwa amesikia yote kutoka stoo. Ndiye aliyemfundisha Wilhelmina kazi hiyo, na hakuwa mtu mbaya. Alisubiri Mihayo atoke.

“Dada Wilhelmina, ukiandika barua hiyo umekiri kwamba tunauza dawa za cheti bila cheti. Wakaguzi watatufungia.”

“Na yeye?”

“Yeye ni kijana. Atakimbia tena.”

Siku tatu Wilhelmina alikaa na jambo hilo kama mwiba kooni. Siku ya nne wanawake wawili walikuja kununua dawa ya minyoo. Mmoja alisema, “Yule wa Buswelu kumbe alikuwa anakimbizwa na madawa. Na sisi tukampigia vigelegele.” Mwenzake akacheka. Wilhelmina aliwafungia dawa yao, akawaelekeza namna ya kuimeza, wala hakutamka neno la kumtetea. Walipoondoka alijiona mdogo mpaka akashindwa kumtazama mteja aliyefuata.

Siku ya sita aliandika. Chetan aliisoma barua akiwa amesimama.

“Angalau ondoa jina la duka.”

“Bila jina la duka haina uzito, kaka.”

Chetan aliiweka mezani, akaingia stoo.

Wiki mbili baadaye kamati ilimpigia simu kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa saa nne asubuhi. Chetan alisimama mlangoni akiwazuia wateja.

“Aliiomba dawa hiyo kwa jina?”

“Hapana. Aliomba kitu cha kumfungua kifua.”

“Ulimwambia ni dawa gani?”

“Hapana.”

“Kwa nini?”

Alimtazama Chetan. Chetan alikuwa ameinamisha uso.

“Nimezoea kutoulizwa,” Wilhelmina alisema. “Lakini kumwambia ilikuwa kazi yangu. Na cheti nilipaswa kukidai. Sikukidai.”

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu akichapa. Kisha wakamshukuru, wakakata.

Kamati iliamini kwamba Mihayo hakukusudia kudanganya. Hata hivyo ilisema mwanariadha naye ana wajibu wa kuuliza anachomeza: ikamfungia miezi minne na kufuta nafasi yake ya pili. Wakaguzi nao hawakukawia. Duka lilifungwa wiki sita, na Wilhelmina akaondolewa kaunta hadi arudie mafunzo. Siku ya kufungua tena, Chetan alimkabidhi ufagio na funguo za stoo. Hakumfukuza, lakini ilipita karibu mwezi mzima kabla hajaongea naye zaidi ya salamu.

Mihayo alikutana na Wilhelmina sokoni Igoma, adhabu ilipokuwa imekwisha. Alimwamkia kwa heshima, akamweleza kwamba ameanza mazoezi na kwamba sasa anatibiwa na daktari anayejua kuwa yeye ni mkimbiaji. Hakusema kama amemsamehe. Wilhelmina alitamani kumuuliza, akaona hana haki hiyo. Akamtakia heri, wakaachana.