Fulana Nyekundu za Fainali

Nilikwenda Guangzhou kwa sababu mama mdogo hawezi kubeba mizigo. Yeye ndiye mkubwa wa chumba chetu cha ushoni, Zanzibar. Mmarekani mmoja mwenye hoteli alimwambia kwamba timu ya mji wao, Wekundu, iko kwenye mtoano wa mpira wa Kimarekani. Ikiingia fainali, hoteli itajaa wageni wa huko. "Niletee fulana kabla ya siku hiyo, na sare za wafanyakazi wangu wote mtashona nyinyi." Mafundi wakakubali pesa za upatu zitumike. Sare za hoteli ni kazi ya mwaka mzima.

Tulifika kukiwa na baridi na manyunyu. Tulipanga chumba Xiaobei, juu ya mgahawa wa Huanshi Zhonglu. Mama mdogo alivaa soksi mbili mbili na kanga juu ya koti. Kesho yake tulikwenda Zhanqian, kwenye majengo ya nguo za jumla. Maduka mengi yalikuwa yanafungwa, maana mwaka mpya wa Kichina ulikaribia na wafanyakazi walikuwa wanarudi kwao. Lobani wetu, yaani bosi wa duka la kuchapa, alituonyesha kwenye kalenda kwamba Jumatatu ndiyo siku yake ya mwisho.

Jumatatu asubuhi, mgahawani, tulitazama nusu fainali kwenye simu ya Mzee Shaaban, mfanyabiashara wa Dar. Huko Amerika ilikuwa bado Jumapili usiku. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Watu wanaangukiana, wanainuka, wanaangukiana tena. Wekundu walishindwa kwa pointi tatu. Mama mdogo akasukuma chai yake pembeni.

"Walikuwa kwao au ugenini?" Mzee Shaaban aliuliza.

"Ugenini," nilisema. Uwanja mzima ulikuwa wa buluu.

"Basi kunywa chai yako, Bi Rukia. Pointi tatu ugenini si kitu. Marudiano wako kwao, watapindua."

Sote tulikubali, maana mpira tuliokulia ndivyo ulivyo. Mama mdogo akawapigia mafundi simu, akawaambia wasiwe na wasiwasi.

Mchana huohuo lobani alichapa. Fulana zilitoka za moto, neno FAINALI kifuani likinuka rangi. Meli ya bandari ya Huangpu isingewahi, kwa hiyo tulizishindilia kwenye mabegi ya ndege.

Jumatano, kwenye ngazi, tulikutana na Otieno, mwanafunzi Mkenya wa ghorofa ya juu. Aliona fulana imechungulia kwenye begi, akacheka.

"Auntie, hawa si walitolewa?"

"Bado marudiano."

"Marudiano gani? Hiyo ball yao haina. Ukipigwa mara moja, unaenda nyumbani."

Alipoona uso wa mama mdogo aliacha kucheka. Akatoa simu, akatuonyesha timu mbili za fainali. Wekundu hawakuwamo.

Tulirudi Zhanqian kuomba neno lile lifunikwe kwa jingine. Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa. Mlinzi alitikisa mkono. "Meiyou, meiyou," alisema, yaani hakuna. Mama mdogo alisimama pale, mvua ikimwingia shingoni, mpaka nikamshika mkono.

Kwenye uwanja wa ndege ujumbe wa mwenye hoteli ulitukuta: wageni hawaji tena, na sare amempa mtu mwingine. Mama mdogo aliusoma, akanipa simu.

"Wewe ndiye utakayewaambia, mwanangu. Mimi siwezi."

Mimi hata bei ya vifungo huwa wananiulizia wengine.

Nyumbani, mafundi walikuwa wamefagia chumba na kutia mafuta vyerehani vyote. Bi Time, fundi wetu mkongwe, alivaa fulana juu ya baibui akajigeuza mbele ya kioo.

"Imenikaa," alisema. "Haya, marudiano lini?"

Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini, anatazama viatu vyake. Nilichojifunza Guangzhou ni kifupi, lakini kukitoa kulinichukua muda.

"Hakuna marudiano, Bi Time. Kule wanacheza mara moja tu."

Hakuivua ile fulana. Alikwenda kwenye cherehani chake, akakifunika.