Uzi wa Mlango wa Jikoni

Mama Uzi hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wateja, kwa sababu kwenye kaunta yake ya vyombo vya umeme huuziwi friji mpaka ulete uzi. Unakwenda nyumbani, unapima mlango wa jikoni pale ulipo mwembamba zaidi, unakata uzi, unamletea. Anaunyoosha mbele ya friji, ndipo mnazungumza. Miaka kumi na tisa, na hakuna friji yake iliyowahi kukwama mlangoni.

Halafu zikaja simu, na kila mtu akawa bingwa. Wanaingia dukani, wanamwomba awashe mabirika matatu ya umeme, feni na redio, wanapiga picha kibandiko cha namba na bei, wanasema "tutarudi," wanakwenda kuagiza mtandaoni. Duka likawa mahali pa kupapasa vitu vya kununuliwa kwingine.

Tajiri mwenye duka akamwambia bila kupepesa macho, "Friji hii ya maonyesho isipoondoka kufikia Jumamosi, kaunta naifanya ya kugawia mizigo ya walioagiza mtandaoni."

Jumatatu akaingia jirani yake Mama Uzi, mwalimu wa hesabu, suruali imenyooshwa kama rula. Alikuja siku tatu mfululizo. Alifungua friji, akafunga, akaitegea sikio ubavuni kama daktari. Akaazima tepu ya Mama Uzi mwenyewe, akaandika urefu, upana na kina.

"Mwalimu, uzi wa mlango wako uko wapi?"

"Mama Uzi, dunia imekwenda mbali. Wewe bado na nyuzi tu?"

"Na mlango wako umekwenda nayo?"

Akachekea puani, akapiga picha kibandiko, akaaga.

Ijumaa gari la mizigo likasimama mbele ya nyumba ya mwalimu. Friji ileile, rangi ileile. Majirani walikodoa macho, naye akawaeleza kwa sauti jinsi alivyoinunua akiwa amejilaza kitandani. Mlango wa mbele ilipita kwa mbwembwe. Mlango wa jikoni ukagoma. Ulipungua vidole viwili tu. Mtu aliyepima friji ya watu siku tatu hakupima mlango wake hata mara moja, na ndiye huyo anayewakata watoto alama kwa kusahau vipimo.

"Baba, irudishe basi," mkewe akasema.

"Simu inasema boksi likishafunguliwa, hairudi."

Ikabaki sebuleni, katikati ya makochi, kama mgeni asiyeaga.

Jumamosi asubuhi mwalimu alikuwa kwenye kaunta, sauti imesinyaa. "Dada yangu, hakuna namna?"

Leo alikuwa dada. "Namna ipo. Milango ya friji hung'olewa kwa bisibisi, vidole viwili unavipata. Ila ningekuja kukufungulia kama ungeinunua hapa. Sasa iite simu ije na bisibisi."

Friji ya maonyesho haikupata mnunuzi. Jioni tajiri akabandika tangazo la kugawia mizigo ya mtandaoni.

Jumatatu Mama Uzi alikuwa palepale, nyuma ya lundo la maboksi. Wa kwanza kufika alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, akamwonyesha namba kwenye simu. Alikuwa amefuata friji. Mama Uzi akaisoma namba, akalipima boksi kwa macho, kisha akafungua droo, akatoa kibunda cha uzi na mkasi.

"Namba nimeiona. Nenda kapime mlango wa jikoni."

"Lakini mama, nimeshainunua."

"Najua," akasema, akimsogezea mkasi. "Mlango ndio haujaambiwa."